Barua ya wazi kwa Meya wa Lyon: msiache milango ya trabuli ifungwe mmoja mmoja

Kwa Mheshimiwa Meya wa Jiji la Lyon,
waheshimiwa madiwani,
na kamati za wenye nyumba wa Vieux Lyon na Croix-Rousse.

KUH: MILANGO YA TRABULI

Mheshimiwa Meya,

Salaam. Jumatatu iliyopita, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, nilisukuma mlango wa trabuli, njia ya kukatiza ndani ya nyumba za watu, ambao nimeusukuma kwa miaka kumi na mmoja, nao haukusukumika. Mkono mmoja nina ndoo, mwingine nina mopu na mfuko wa matambara, mvua inanyesha. Nikabonyeza kile kitufe cha juu ambacho matarishi na sisi wafagizi tunakijua. Kimya. Pembeni wamepachika kidude kipya cha namba za siri, na juu yake karatasi imebandikwa kwa selotepu: njia hii ni ya binafsi, tafadhali zungukeni. Nikazunguka. Kutoka mlango huo hadi nyumba ninayoanzia kazi ni dakika moja na nusu kwa ndani. Kwa nje ni kama dakika tisa, na nilifika nimelowa kama samaki.

Sitaitaja nyumba yenyewe, maana wenyewe wana sababu zao na nitazifikia. Wala siandiki kwa ajili ya hizo dakika tisa. Mlango huo ni wa tatu katika njia zangu za kila siku kufungwa, na sijaona popote mtu akiuliza.

Naandika kwa Kiswahili nikijua kwamba ofisini kwako huenda hakuna anayekisoma. Keshokutwa binti yangu ataigeuza barua hii iwe Kifaransa, kwa sababu Kifaransa chake kimenyooka na changu kina makovu. Nimetaka isomwe kwanza na watu wa lugha yangu. Asubuhi za hapa nakutana na vijana wa Bukavu na Goma wakitoa mapipa ya taka, na dada mmoja wa Moroni anayelea mtoto wa watu, na sote tunazijua njia hizi kwa magoti na mgongo. Wenyeji huziita traboules. Sisi tumeshazigeuza trabuli.

Kwa wasomaji wangu ambao hawajafika: Lyon imekaa kwenye makutano ya mito miwili, Rhône na Saône. Mtaa wa kale, Vieux Lyon, umebanwa baina ya Saône na kilima cha Fourvière, kwa hiyo barabara zake za zamani, kama rue Saint-Jean na rue du Bœuf, zote zinafuata mto. Za kukatiza ni chache. Watu wa kale hawakutaka kuzunguka, wakatoboa nyumba. Unasukuma mlango ambao kwa nje ni mlango kama mingine yote. Unaingia ujia mwembamba wenye matao juu, giza kidogo, harufu ya jiwe lililolowa. Unatokea uani, unainua macho, na hapo ndipo wageni wote husema “oh”: kisima, mnara wenye ngazi za kuzunguka, roshani za mawe ghorofa juu ya ghorofa, na kipande cha mbingu kisichozidi mkeka. Unaingia ujia mwingine, unasukuma mlango wa pili, na umetokea mtaa wa nyuma. Umepita ndani ya nyumba za watu na hukupiga hodi. Neno lenyewe husemwa lilitoka kwenye Kilatini, trans-ambulare, yaani kutembea kwa kukatiza.

Iliyo ndefu kuliko zote huko Vieux Lyon huanzia namba 54 rue Saint-Jean na kutokea namba 27 rue du Bœuf, ikipenya majengo manne. Jiji zima lina mamia ya trabuli. Zilizo wazi kwa mpita njia ni makumi tu.

Mimi nilizaliwa Lamu, mji ambao uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, miaka mitatu baada ya Lyon. Nilipofika hapa mara ya kwanza na kuingizwa kwenye trabuli na msimamizi wangu wa kazi, nilicheka peke yangu. Kwetu kuna wikio: chumba kinachovuka juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, watu wa ndani wakapita juu na punda wakapita chini. Nyumba inaruka njia. Hapa njia ndiyo inayoipenya nyumba. Nikajiambia, hawa na sisi tuliumizwa na ugonjwa mmoja, ardhi ndogo na majirani wengi.

Mheshimiwa, nataka nikuonyeshe kitu kimoja tu, kisha niendelee. Katika moja ya minara ninayoisafisha kuna ngazi za mawe zinazozunguka nguzo ya katikati. Kila kidato kimeliwa na viatu. Hakikuliwa sawasawa: upande wa nguzo, ambako kidato ni chembamba, jiwe bado ni jipya, kwa kuwa hakuna anayeweza kukanyaga hapo. Upande wa ukutani limebonyea kama sahani ya mchuzi. Ukipiga deki, maji hutuama humo, na mopu haiyatoi. Inabidi upige magoti, kidato kwa kidato, uyakaushe kwa tambara, la sivyo bibi wa ghorofa ya tatu atateleza. Kuna kidato cha kumi na moja, kutoka chini, ambacho bonde lake linaingia ngumi yangu nzima. Nimewahi kukaa hapo nikaliangalia. Jiwe halikubonywa na mtu mmoja mzito. Limebonywa na watu wengi, kila mmoja akichukua chembe asiyoiona.

Sasa historia, na hapa niruhusu nigombane kidogo na waongozaji wa watalii, ambao nawasikia kila siku nikiwa nimeinama na ndoo. Wengi husema trabuli zilijengwa kwa ajili ya hariri, ili vitambaa visiloweshwe na mvua vinapobebwa. Ni maneno matamu, na mvua ya hapa naijua. Lakini nyua na minara ya Vieux Lyon ni ya karne ya 15 na 16, zama za maonyesho makubwa ya biashara, wenye benki wa Kiitalia na wachapaji wa vitabu. Philibert Delorme alijenga roshani yake maarufu namba 8 rue Juiverie mwaka 1536, na mwaka huohuo ndipo mfalme François wa Kwanza alipoupa mji huu ruhusa ya kufuma hariri. Njia za Vieux Lyon zilihitajika na kila mtu, hata muuza samaki.

Hariri inatawala kwingine, juu, kwenye mteremko wa Croix-Rousse. Majumba yale ni ya karne ya 19, yalijengwa kwenye ardhi iliyokuwa ya nyumba za watawa kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa. Ukiingia chumba chochote cha pale utaona dari liko juu karibu mita nne, na mgeni hudhani ni anasa. Siyo. Ule ulikuwa urefu wa mtambo wa kufumia aliouunda Jacquard, mtu wa hapahapa Lyon, mwanzoni mwa karne ile. Mfumaji, ambaye hapa huitwa canut, alilala na kula chumba kimoja na mtambo wake, na watu waliupa mtambo jina la sauti yake: bistanclaque. Lisemeni kwa haraka mara tatu mtausikia. Huko, ndiyo, hariri ilibebwa kwenye trabuli, mabegani, ikishuka kwa wafanyabiashara waliokaa chini.

Na bei ilipangwa na hao wa chini. Oktoba 1831 wafumaji walipata makubaliano ya bei ya chini kabisa ya kazi yao, mbele ya mkuu wa mkoa. Baadhi ya wafanyabiashara wakakataa kuyafuata. Novemba wafumaji wakateremka na bendera nyeusi yenye maneno: kuishi kwa kufanya kazi, au kufa kwa kupigana. Wakauteka mji kwa siku kadhaa, mpaka serikali ya Paris ilipoleta jeshi na makubaliano yakafutwa. Aprili 1834 wakainuka tena, wakavunjwa vibaya zaidi. Aliyejua nyumba gani ina milango miwili alikuwa na nafasi ya kuishi kuliko asiyejua.

Waongozaji hupenda kulisimulia hilo wakiwa wamesimama kwenye Cour des Voraces, namba 9 place Colbert, chini ya zile ngazi kubwa za ghorofa sita zilizo wazi kama meno. Ua ule ulijengwa karibu mwaka 1840. Hakuna mfumaji wa 1831 aliyekimbilia pale. Jina lake linatokana na Voraces, kundi la wafanyakazi la miaka iliyofuata. Nilimnong'oneza kijana mmoja mwongozaji jambo hilo siku moja, akaniangalia, akaiangalia mopu, akaendelea na hadithi yake.

Kisha Vita vya Pili vya Dunia. Wajerumani waliingia Lyon Novemba 1942, na Gestapo ya hapa, polisi wa siri wa Kinazi, ikawa mikononi mwa Klaus Barbie, ambaye ilibidi asubiriwe hadi 1987 kuhukumiwa kifungo cha maisha katika mji huuhuu. Watu wa harakati za siri za kuwapinga Wajerumani walizitumia trabuli kupoteza waliowafuata na kupitisha barua. Hazikuwa hirizi. Jean Moulin, kiongozi wa harakati hizo, alikamatwa tarehe 21 Juni 1943, huko Caluire, jirani na Croix-Rousse, ndani ya nyumba ya daktari. Lakini mtu aliyekulia mtaani, anayejua kwamba mlango wa kijivu una mwenzake upande wa pili, alikuwa na kitu ambacho ramani ya mgeni haikuwa nacho.

Mheshimiwa Meya, waliokutangulia karibu wazipoteze njia hizi kwa mkono wao wenyewe. Louis Pradel alipokuwa kwenye kiti chako, kulikuwa na mpango wa kupitisha barabara kubwa katikati ya Vieux Lyon. Mtaa ulikuwa umechakaa, wakazi wake maskini, wengi wao wahamiaji, na kwa macho ya wakubwa ulikuwa uchafu wa kuondolewa. Ni wakazi na chama chao cha kuutetea mtaa waliopiga kelele. Sheria ya waziri wa utamaduni André Malraux, ya kulinda mitaa ya kale, ikapitishwa Agosti 1962, na mwaka 1964 Vieux Lyon ukawa mtaa wa kwanza Ufaransa kulindwa kwa sheria hiyo. Sasa kahawa inayouzwa pale siwezi kuinunua. Sikasiriki sana, lakini nalikumbuka kila ninapopita.

Nyumba zililindwa, basi. Kupita kwenyewe kunategemea maelewano: jiji linasaidia gharama za taa, usafi na ukarabati, wenye nyumba wanauacha mlango wazi mchana. Ni mpango mzuri, na sijui mji mwingine uliofikiria hivyo. Udhaifu wake ni kwamba kila mlango ni wa wenye nyumba wake, na kikao kimoja cha jioni kinatosha kuufunga.

Nami nawaelewa. Hili nataka lisikike, maana barua kama hizi huwa zinamtukana mkazi. Nimefagia ua mmoja asubuhi ya Jumapili nikakuta chupa kumi na saba, matapishi mawili na kiatu kimoja cha kike. Nimeona kundi la watu hamsini limejaa kwenye ujia wa upana wa mikono miwili, mwongozaji wao ana kipaza sauti kiunoni, na juu yao dirisha limefunguka na mama mwenye mtoto mchanga analia yeye, siyo mtoto. Nimeona mtu mzima akifungua sanduku la barua la watu ili apige picha ya ndani. Desemba, baada ya Sikukuu ya Taa, ile ambayo asili yake ni mishumaa ya tarehe 8 Desemba 1852, mimi na kisu cha mezani tunabandua nta kwenye vidato wiki nzima. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika baadhi ya nyua hizi mwenyeji haponi. Hata usingizi hapati.

Bibi wa ghorofa ya tatu alinieleza hivi, tukiwa ngazini, yeye na mkoba wa mkate, mimi na tambara. Alisema watu wakipita haimsumbui, alizaliwa humo na watu walipita tangu akiwa mtoto. Zamani, alisema, aliyepita alisema “bonjour” hata kama hakuona mtu. Alilisemea giza. Sasa wanapita kama wako kituo cha treni.

Nikamwambia kwetu hilo lina jina. Hodi. Na nyumba ya mawe ya Lamu ina mahali pake pa kusemea: daka, kile kivuli cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili. Aliye kwenye daka hayuko barabarani wala hajaingia nyumbani. Anaweza kukaa, kupumzika na jua, kuzungumza. Lakini anajua yuko kwa watu, na sauti yake inashuka yenyewe. Bibi akasema, basi trabuli ni hiyo daka yenu, tena ndefu. Mheshimiwa, mimi nimesoma hadi darasa la nane tu, lakini nadhani bibi yule amekupa sera nzima. Mnawagawa watu pande mbili, wanaotaka mlango wazi na wanaotaka ufungwe, kana kwamba kuna barabara na nyumba tu. Trabuli ni kitu cha tatu na inataka kanuni za kitu cha tatu.

Kwa hiyo naomba haya.

Kabla mlango haujafungwa, jiji lipewe taarifa na lije kukaa na wenye nyumba, siku ya kawaida, jioni, kwenye ua wao wenyewe, siyo kwa barua. Mtu atumwe ambaye ana uwezo wa kusema ndiyo hapohapo. Nyumba niliyoianza nayo barua hii ingebaki wazi, naamini, kama mtu angekuja na mambo mawili mkononi: ukubwa wa makundi na pesa ya usafi.

Ukubwa wa makundi uwe wa watu wanaoweza kusimama uani bila kugusana. Vipaza sauti vikatazwe ndani, kabisa. Anayetaka kusimulia mambo ya 1831 ayasimulie mtaani, kisha apitishe watu wake wakiwa kimya, nao wataona zaidi kuliko watakavyosikia.

Pesa ya usafi ifuate uchafu. Kufagia ua wa Jumatano si sawa na kufagia ua wa Jumapili, lakini mkataba wa kampuni niliyowahi kuifanyia kazi ulihesabu kila siku dakika ileile, na zilizozidi zilikuwa zawadi yangu kwa Urithi wa Dunia. Jiji likisaidia gharama, liulize zinamfikia nani. Mkazi anayekuta ua safi asubuhi hana haja ya kidude cha namba. Nimeona hilo kwa macho: nyumba mbili zinazopakana, moja inafagiliwa kila siku, nyingine mara mbili kwa wiki. Mnaweza kukisia ni ipi iliyofunga.

Vile vibao vidogo vya milangoni vinaeleza mnara ni wa karne gani. Viongezewe mstari mmoja wa kumwambia mtu asalimie. Bonjour tu.

Na mteremko wa Croix-Rousse msiuhesabu kwa watalii pekee. Kule trabuli bado ni njia ya kazi. Watoto wanakatiza kwenda shule, wazee wanakwepa mteremko wa nje ambao mvua ikinyesha ni sabuni. Mtalii akikuta mlango umefungwa anapiga picha ya mlango, anakwenda kwingine. Mzee aliyekuwa akileta mkate kwa dada yake kupitia ujia ule wa Jumatatu anazunguka dakika tisa kwenda na tisa kurudi. Nilimkuta juzi amesimama kwenye kona, ameegemea ukuta, mkate kwapani. Nikamuuliza kama hajambo. Akasema hajambo, anapumzika tu, halafu akanionyesha kwa kidevu ule mlango wenye karatasi, akacheka kidogo.

Nimechungulia ndani ya ujia huo Alhamisi, mkazi mmoja alipokuwa anatoka. Siku nne tu, na tayari kuna baiskeli tatu, friji bovu na maboksi. Taa wameizima kwa kuwa hakuna anayepita. Baada ya mwaka mmoja hapo patakuwa stoo, na baada ya miaka kumi kijana atakayenunua chumba cha chini atajenga ukuta akidhani anaziba kona isiyo na kazi.

Mheshimiwa Meya, nakukaribisha. Siyo kwa sherehe wala waandishi wa habari. Jumatatu yoyote, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, rue Saint-Jean, utaniona na ndoo ya bluu. Nitakushikia mlango, tutapita nyua nne hadi rue du Bœuf, utapanda nami mnara mmoja na kuingiza ngumi yako kwenye kile kidato. Njoo na viatu visivyoteleza. Saa hiyo kidato cha kumi na moja huwa bado hakijakauka.

Wako,
mfagizi wa ngazi,
Vieux Lyon